MSHALE NA SUMU YAKE
Namna Dawa ya Saratani Inavyotafutiwa Shabaha

Mtu ashukaye Posta ya Zamani, katikati ya jiji la Dar es Salaam, akafuata barabara ya pwani kuelekea mashariki, hupita Kivukoni, soko la samaki la Magogoni na uzio wa Ikulu, kisha hutokea kwenye ufuko unaopigwa na upepo wa bahari. Hapo pana majengo ya kale yaliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa kuwa hospitali mwaka 1897. Tangu mwaka 1996, kwa sheria ya Bunge, mahali hapo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako wagonjwa hupelekwa kutoka pande zote za nchi.

Mtu huyohuyo akigeuka kuelekea magharibi, baada ya mwendo mfupi hufika Kariakoo. Huko, kando ya njia, wauzaji wa miti shamba hupanga magome, mizizi na unga wa majani, na wapo wanaodai kuwa dawa zao zinaponya saratani. Wagonjwa wengi huanzia Kariakoo na kumalizia Ocean Road, na aghalabu hufika huko wakati ugonjwa umekwisha kuenea mwilini.

Je, kati ya gome lililo sokoni na chupa ya dawa iliyo hospitalini kuna umbali gani? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kufuata safari ya kitu kimoja, sumu iliyopatikana katika mti wa Afrika Mashariki, ambayo ilichukua miaka zaidi ya arobaini kuwa dawa ya saratani iliyoenea. Katika safari hiyo mwanafunzi atakutana na baiolojia, kemia na hesabu, na pia atakutana na swali la haki.

Ugumu wa kuitibu saratani

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo ambazo hazionekani ila kwa hadubini. Seli hugawanyika ili mwili ukue na kujitengeneza, na katika hali ya afya mgawanyiko huo una kiasi. Kidonda kikishafunga, seli za ngozi huacha kuongezeka. Saratani huanza pale ambapo maagizo yaliyomo katika jeni yameharibika, na seli moja ikawa inagawanyika bila kutii mahitaji ya mwili. Wazao wake hufanya uvimbe. Baadhi yao huchopoka, huingia katika damu au limfu, na kwenda kufanya makao mapya katika mapafu, ini, mifupa au ubongo. Hiyo ndiyo saratani iliyoenea.

Kisu cha mpasuaji na mionzi hutibu mahali palipojulikana. Seli zilizokwisha kutoroka zinahitaji dawa inayosafiri katika damu na kufika kila pembe ya mwili, na hapo ndipo penye ugumu. Bakteria ni kiumbe wa mbali sana nasi. Penisilini huvunja ukuta wa bakteria, na seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo hazidhuriki. Lakini seli ya saratani imezaliwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Karibu kila sumu inayoweza kuiua inaweza pia kuua seli nzima. Kwa hiyo mtafiti wa saratani hana budi kutafuta sumu inayotosha, kisha atafute njia ya kuifikisha kwa adui bila kuwajeruhi wenyeji.

Mti wa Shimba Hills

Katika miaka ya 1960 na 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya mimea kutoka nchi nyingi na kuijaribu juu ya seli za saratani. Miongoni mwake ilikuwamo mimea ya jenasi ya Maytenus kutoka Ethiopia. Mwaka 1972 mkemia S. Morris Kupchan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walitangaza kwamba wameitenga kutoka katika mmea huo kemikali yenye ukali wa ajabu, nao wakaiita maitansini.

Tatizo la kwanza lilikuwa uchache wake. Wakusanyaji wakaja Kenya, katika vilima vya Shimba Hills vilivyoko Kwale, kusini-magharibi ya Mombasa, ambako huota ndugu wa mmea ule, Maytenus buchananii. Zaidi ya tani 27 za mmea huo zilikusanywa. Waliporudi miaka minne baadaye kutafuta shehena nyingine, walikuta mimea imeota tena kwa uchache mno, hata wakapata shida kukipata kiasi walichokihitaji.

Hesabu ndogo itatuonyesha kwa nini ilihitajika mizigo mikubwa namna hiyo. Tuseme kilo moja ya mmea hutoa miligramu 1 ya maitansini. Tani 27 ni kilo 27,000. Basi mavuno yote yatakuwa miligramu 27,000, yaani gramu 27, ambazo ni kama vijiko viwili vya chakula vya sukari. Msitu ulikuwa unakatwa ili kupata vijiko viwili.

Sumu isiyomjua adui

Maitansini huuaje seli? Seli inapojiandaa kugawanyika, hujenga mirija midogo mno kwa kuunganisha vipande vya protini iitwayo tubulini, kama fundi apangavyo matofali. Mirija hiyo ndiyo inayozivuta kromosomu kuelekea pande mbili za seli, ili kila mtoto apate fungu lake kamili. Maitansini huishika tubulini na kuizuia isijipange. Mirija haijengeki, kromosomu hazigawanyiki, na seli iliyokwama katikati ya kazi hiyo hatimaye hufa.

Dawa nyingine yenye kazi ya namna hiyo ni vinkristini, inayotokana na mmea wa maua ya waridi au meupe, asili yake Madagaska, ambao hupandwa kuwa pambo katika bustani nyingi za pwani yetu. Vinkristini imewasaidia watoto wengi wenye saratani ya damu na saratani ya Burkitt, ile iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Maitansini, katika majaribio ya maabara, ilikuwa kali kuliko vinkristini zaidi ya mara mia.

Kwa sababu hiyo ilitarajiwa mengi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 maitansini ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wenye saratani za namna mbalimbali. Matokeo yalivunja moyo. Wagonjwa walitapika, waliharisha, walilegea mno, na wengine walidhurika mishipa ya fahamu na ini, ilhali uvimbe uliopungua ulikuwa wa wachache sana. Kiasi kilichotosha kuiua saratani kilikuwa kiasi ambacho mwili hauwezi kukistahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio hayo yaliachwa.

Mwanafunzi na alitafakari jambo hili. Kemikali ile ilikuwa inaua seli za saratani katika chupa ya maabara pasipo shaka yoyote. Hata hivyo haikuwa dawa. Kuua seli ndani ya chupa ni jambo jepesi, kwani hata chumvi nyingi au jiki huweza kufanya hivyo. Dawa ni kitu kinachomfaa mgonjwa kuliko kinavyomdhuru, na hilo halijulikani mpaka lipimwe kwa wagonjwa wenyewe.

Sumu yapata mshale

Wawindaji wa zamani wa pwani yetu hawakumwaga sumu ovyo porini. Waliipaka kwenye ncha ya mshale, na mshale ukaenda kwa mnyama waliyemkusudia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich aliwaza jambo linalofanana na hilo, kwamba tiba bora ingekuwa kama risasi inayomtambua adui yake na kumpita asiye adui. Ehrlich alipata kufanya kazi katika taasisi ya Robert Koch, yuleyule aliyefanya uchunguzi wa malaria Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898.

Wazo hilo lilingoja chombo cha kulitekeleza. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge nchini Uingereza, walionyesha namna ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja tu. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitumia kuwatambua wavamizi. Kila moja hushika umbo moja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Basi likipatikana umbo lililojaa juu ya seli za saratani na kuwa haba juu ya seli nzima, kingamwili inaweza kuwa mshale.

Umbo kama hilo lilipatikana katika saratani ya matiti. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani hiyo, kiasi cha 15 hadi 20 wana uvimbe ambao seli zake zimejaa kipokezi kiitwacho HER2, ambacho huihimiza seli igawanyike. Kingamwili inayokishika kipokezi hicho, iitwayo trastuzumabu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998. Ni dawa iliyofaa, lakini kwa wagonjwa wengi wenye saratani iliyoenea ugonjwa ulirudi.

Hapo sumu ya mti ikakumbukwa. Wakemia walitengeneza ndugu wa maitansini mwenye mahali pa kufungiwa, wakamwunganisha na trastuzumabu kwa kiungo imara. Kingamwili moja hubeba kwa wastani vipande vitatu na nusu vya sumu. Dawa hiyo huitwa trastuzumabu-emtansini, na jina lake la biashara ni Kadcyla.

Hufanya kazi hivi. Kingamwili husafiri katika damu ikiwa imefungasha sumu, na sumu iliyofungwa haidhuru sana. Ikifika kwenye seli yenye HER2 nyingi, huishika. Seli huimeza pamoja na kipokezi chake na kuipeleka katika vifuko vyake vya kumeng'enyea. Humo kingamwili husagwa, sumu hufunguka, tubulini hushikwa, na mgawanyiko hukwama. Seli ya saratani huuawa na mlo wake yenyewe.

Ama kuhusu msitu, haukuhitajika tena. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walitangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza kemikali za jamii ya maitansini. Tangu hapo malighafi hukuzwa katika mapipa ya viwanda, kama pombe inavyochachuliwa.

Ngazi tatu

Dawa mpya haiendi moja kwa moja kutoka maabara hadi wodini. Baada ya kujaribiwa kwa seli na wanyama hupanda ngazi tatu, na kila ngazi ina swali lake.

Ngazi ya kwanza huuliza: ni kiasi gani mwili unaweza kustahimili? Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, wanawake 24 wenye saratani ya matiti iliyoenea, ambao trastuzumabu ilikuwa haiwasaidii tena, walipewa trastuzumabu-emtansini kila baada ya wiki tatu. Waliotangulia walipewa miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na waliofuata wakaongezewa hatua kwa hatua. Ilipofika miligramu 4.8, chembe za kugandisha damu zilipungua kwa kiasi cha hatari. Kiasi kilichochaguliwa kikawa miligramu 3.6. Kwa mgonjwa wa kilo 60, hiyo ni miligramu 216 za dawa. Kwa kuwa sumu yenyewe ni chini ya sehemu 2 katika kila 100 za uzito huo, mgonjwa hupokea kama miligramu 4 tu za sumu, uzito ulio mdogo kuliko wa punje ya mchele.

Ngazi ya pili huuliza: je, kuna dalili ya kufaa? Wagonjwa 112 walipewa dawa kwa kiasi hicho, na uvimbe ulipungua kwa kiasi kikubwa katika kama robo yao. Hao walikuwa watu waliokwisha kutumia dawa nyingi kabla, kwa hiyo robo si haba.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye swali zito: je, dawa hii ni bora kuliko ile iliyopo? Wagonjwa 991 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata dawa mpya, la pili likapata matibabu yaliyokuwa yakitumika. Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu daktari akiachiwa kuchagua, hata kwa nia njema, anaweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, na hatimaye tukadhani dawa imefanya kazi kumbe ni nguvu za wagonjwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalikuwa haya: katika kundi la matibabu ya kawaida mgonjwa wa katikati aliishi miezi 25.1, na katika kundi la dawa mpya aliishi miezi 30.9. Madhara makubwa nayo yalikuwa machache zaidi katika kundi la dawa mpya. Dawa iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Februari mwaka 2013.

Hapana budi tuzisome tarakimu hizo kwa unyofu. "Mgonjwa wa katikati" maana yake ni kwamba nusu waliishi zaidi ya hapo na nusu waliishi pungufu. Tofauti ni miezi ipatayo sita. Dawa haikuondoa saratani iliyoenea, bali iliongeza muda, na muda huo ulikuwa na mateso machache zaidi. Kwa mama mwenye watoto, miezi sita ni jambo kubwa, lakini atakayeiita dawa hii "tiba ya saratani" atakuwa amesema zaidi ya ushahidi. Faida ilionekana kubwa zaidi ilipotumiwa mapema: mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 1,486 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujaenea, ila mabaki yake yalikutwa baada ya matibabu ya awali, lilionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au mgonjwa kufariki, ikilinganishwa na trastuzumabu peke yake.

Kushindwa nako ni elimu

Mishale mingine iliyopakwa sumu ya jamii hiyohiyo haikufika. Mmoja ulielekezwa kwenye saratani ya mapafu ya seli ndogo. Mwaka 2013 jaribio lake lilisimamishwa, kwa kuwa faida haikuonekana na maambukizo yaliongezeka. Mwingine, unaolenga kipokezi cha folati kilichojaa katika saratani nyingi za ovari, uliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2022, huku wagonjwa wake wakihitaji kuangaliwa macho mara kwa mara kwa sababu unaweza kuyadhuru. Na trastuzumabu-emtansini yenyewe, iliposhindanishwa na mshale mpya wenye sumu nyingine, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ule mpya uliuzuia ugonjwa kwa muda mrefu zaidi. Katika sayansi bingwa wa jana hupimwa tena leo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, asiwepo msomaji atakayefunga makala haya na kwenda kuchemsha mizizi. Mti ule una sumu kweli, lakini katika sufuria hakuna mshale, hakuna kipimo, wala hakuna ajuaye kama uvimbe wa mgonjwa una shabaha inayohitajika. Kwa upande wa pili, mwalimu asiwafundishe wanafunzi kuidharau mimea yetu. Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba asili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Mganga mwenye dawa anayoiamini ana mahali pa kuipeleka ipimwe. Tofauti ya Kariakoo na Ocean Road ni kupimwa, wala si asili ya dawa.

Pili, dawa yenye shabaha haifai kitu bila kuijua shabaha. Kabla ya dawa lazima kipande cha uvimbe kichunguzwe katika maabara ya patholojia. Ndivyo ilivyo pia kwa imatinibu, dawa ya vidonge ya aina moja ya saratani ya damu, ambayo wagonjwa wa Tanzania waliipata Ocean Road kupitia mpango wa msaada wa kimataifa: ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba ugonjwa ni ule unaohusika. Anayechelewesha uchunguzi huchelewesha tiba, hata kama dawa ipo stoo.

Tatu, majaribio ya dawa yana sheria. Nchini Tanzania mtafiti hawezi kumjaribia mtu dawa mpya bila kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa, akubali kwa hiari, na awe huru kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Nne, kuna swali la haki. Mmea ulitoka katika vilima vya Kwale, lakini dawa iliyozaliwa ina bei ambayo mgonjwa wa kawaida wa Kwale au wa Temeke hawezi kuilipa mwenyewe. Wakati mmea ule ulipochukuliwa hapakuwa na mkataba wa mataifa kuhusu mgawanyo wa faida. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya mwaka 2010. Kwa upande wa bei kuna hatua zilizopigwa: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2019 liliithibitisha kwa mara ya kwanza trastuzumabu ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Hata hivyo umbali uliobaki ni mrefu, nao hautafupishwa kwa malalamiko peke yake. Utafupishwa na nchi zenye wakemia, wafamasia, wanapatholojia na wanasheria wa kutosha, na hao kwa sasa wamekaa darasani kidato cha pili na cha tatu.

Maswali na kazi kwa wanafunzi

1. Eleza kwa nini penisilini haiwadhuru watu wengi, ilhali dawa nyingi za saratani humdhuru mgonjwa.
2. Kama kilo moja ya mmea ingetoa miligramu 0.2 tu za maitansini, ni tani ngapi zingehitajika ili kupata gramu 27?
3. Mgonjwa ana kilo 45. Kokotoa kiasi cha trastuzumabu-emtansini atakachopewa kwa miligramu 3.6 kwa kila kilo. Ikiwa sumu ni sehemu 2 katika 100, ni miligramu ngapi za sumu?
4. Muuzaji anasema: "Dawa yangu imewaponya watu kumi." Taja mambo manne ambayo ungependa kuyajua kabla ya kukubali.
5. Mjadala wa darasa: "Nchi ambayo mmea wake umezaa dawa inastahili kuipata dawa hiyo kwa bei nafuu." Kundi moja liunge mkono, la pili lipinge, na kila upande utoe sababu tatu.